Jeconia na Kamba Fupi

"Kamba ni fupi," Jeconia alimwambia karani kwa mara ya tatu wiki ile. "Ama unataka nikwambie kwa Kijaluo?"

Bedan, karani wa stoo, akamfungulia daftari. Kamba ya nanga, futi thelathini, ilitolewa mwezi wa pili, sahihi hii hapa. Mwezi wa pili! Wakati huo bwawa la shamba lilikuwa matope na vyura. Sasa ni mwezi wa nne, mvua haijakatika wiki mbili, na maji yamepanda mpaka kwenye miti. Lakini kwa Bedan kilichoandikwa hakinyeshewi.

Sisi wanawake tulikuwa hapo tukingoja majembe. Jeconia alikuwa amesimama mbele yetu akichuruzika maji, maana alitoka kwenye mashua akiogelea. Alizaliwa Asembo, kando ya ziwa. Alikuja Thika kutafuta kazi ya kiwanda, akaishia kwetu upande wa Ruiru, kuchunga mashua ya tanga ya mzungu wa shamba kama wengine wanavyochunga ng'ombe. Ilikuwa wakati wa Emajensi, vita vya Mau Mau, na mzungu aliogopa kuiacha ukingoni isije ikaibwa, kwa hivyo ilitiwa nanga katikati ya bwawa. Naye akaenda Mombasa kupumzika. Alisema mashua ikienda na maji juu ya ukuta wa bwawa, Jeconia na mke wake Apiyo watoke kwenye chumba chao siku hiyo hiyo.

Nanga haishiki kwa uzito, Jeconia alimwambia Bedan, inashika kwa kulala. Kamba ndefu huivuta chinichini, kama ng'ombe wanavyovuta plau, ikachimba matope. Kamba fupi huinyanyua, na hapo mashua inatembea. Siku tatu alikuwa amekaa humo tangu alfajiri, gunia kichwani, tanga amelishusha ili upepo usipate cha kushika, akiangalia vitu viwili tu: bomba la moshi la mashine ya kahawa na mkaratusi ulio nyuma yake. Bomba likiuficha mti, mashua haijasonga. Jana jioni mti ulianza kuchungulia.

Bedan akafunga daftari.

Jeconia akatugeukia sisi. Alitaka mukwa, ule mkanda wa ngozi tunaobebea kuni, unaopita kwenye paji la uso. Wanawake wakacheka. Mwanamume kuomba mukwa! Ngendo, mmoja wetu, akamuuliza kama Apiyo amemtuma kuni. Jeconia hakucheka.

"Nimeunga vipande vya katani, bado vimepungua kidogo," akaniambia. "Mama Kang'ethe, nipe wako. Nitaulipa."

Wangu ulikuwa wa mama mkwe wangu. Siku hizo tulifungiwa kijijini, tukiruhusiwa kutafuta kuni mara mbili kwa wiki, askari juu yetu. Bila mukwa unarudi na kuni za kukumbatia, kama mtoto. Na maji huharibu ngozi, nilijua. Lakini midomo yake ilikuwa ya jivu, na viatu vya Bedan vilikuwa vikavu. Nikaufungua kiunoni nikampa.

Mchana upepo ukaja. Tuliacha kupalilia tukaangalia. Mashua ilirudi nyuma, ikarudi, ikarudi, maji yakinguruma juu ya ukuta, kisha ikasimama. Jeconia hakutoka humo mpaka upepo ulipolala.

Mzungu aliporudi alisema kamba ile ina mafundo mabaya, akaamuru itolewe mpya. Shukrani ikawa ni hiyo.

Mukwa wangu ulirudi umelegea kama utumbo, ukakatika kwa mzigo wa kwanza. Wiki saba nilibeba kuni kwa mikono, na kila nilipokutana na Jeconia nilimkumbusha. Hakunijibu vibaya hata siku moja. Alisema tu, "Najua, mama," akapita na macho yake mekundu.

Jumapili moja akaja kwangu na mukwa mpya. Alikuwa ameomba ngozi ya ng'ombe kwa mwenye bucha wa Thika, akarudi nayo kwa miguu, akaikwangua na kuipaka mafuta mwenyewe, mwanamume ambaye hajawahi kutengeneza mukwa maishani. Nikauvaa, nikafunga mzigo wa Ngendo, nikatembea mpaka kwenye handaki lililozunguka kijiji na kurudi. Yeye amekaa juu ya jiwe, anangoja kama mtu aliye kortini.

"Ni mpana mno," nikamwambia. "Lakini deni limekwisha. Enda ulale."