Vipandio vya Alwin Thelen

Ulingo wa kuvizia kulungu hujengwa na mtu mmoja na kukaliwa na mwingine. Ndivyo ilivyo katika vijiji vyetu vya milima ya Eifel, Ujerumani, na watu wamelizoea jambo hilo kiasi kwamba anayeuliza sababu huonekana mkorofi. Mimi nauliza. Namjua Alwin Thelen, na kwa miaka minne nilishika ncha ya pili ya kila boriti aliyoinua.

Alwin ana umri wa miaka hamsini na minane na hufanya kazi katika kiwanda cha mbao kilicho chini ya kijiji chetu cha Niederhasel. Penseli yake huichomeka katika soksi. Asema mfukoni huvunjika na sikioni huanguka. Leseni ya kuwinda anayo tangu ujanani, ila msitu wa kuwindia hana. Kwetu msitu hukodiwa, na aliyeukodi ndiye mwenye kauli juu ya kila kulungu aliyemo. Mtu wa kiwandani hubakiwa na njia moja tu: humfanyia mpangaji kazi za msituni mwaka mzima, naye mpangaji humwandikia karatasi ya ruhusa ili apige dume mmoja. Hakuna mshahara, kazi kwa dume. Mpangaji wa zamani, mzee aliyekuwa na ghala la viazi, aliliheshimu agano hilo miaka tisa bila kukumbushwa. Kisha akafa, na msitu ukachukuliwa na Rüdiger Westhoff, mwuza vigae kutoka Düsseldorf.

Kwa Westhoff, Alwin alifanya kazi miaka sita. Alipiga dume mara mbili.

"Mwaka huu wageni walikuwa wengi, Alwin," Westhoff alikuwa akisema. "Utapata wako vuli." Vuli ilipofika, alikuwa amesahau. Westhoff alimwita Alwin kwa jina lake tupu; Alwin alimwita Bwana Westhoff. Hilo pia lilizoeleka.

Sasa niseme jinsi Alwin alivyojenga, maana bila hayo hasira yangu haitaeleweka. Alikata misonobari myembamba wakati utomvu unapopanda, kwa kuwa wakati huo gome hubanduka kwa urahisi, na alilibandua lote kwa kisu cha mishikio miwili hadi mti ukang'aa kama mfupa. Mti wenye gome, alisema, ni mtu aliyelala na nguo mbichi: maji hujificha kati ya gome na mwili, na ubovu huanzia hapo, mahali macho hayafiki. Nguzo alizikausha mwaka mzima chini ya kibanda. Miguu ya ulingo aliikalisha juu ya mawe bapa, hakuizika udongoni. Kila kipandio cha ngazi alikichongea kitako ndani ya nguzo, kisha akakipigilia kipande cha ubao chini yake, ili uzito ubebwe na mti badala ya msumari. Alipomaliza, alikining'inizia kila kipandio mifuko miwili ya saruji, akaenda kunywa kahawa, akarudi kutazama.

Ulingo wa malishoni, mahali paitwapo Hasel, aliuchora kwanza kwenye karatasi ya miraba. Kimo cha kiti alikipima kutoka kiti cha jikoni cha mkewe, Roswitha, ambaye alilalamika kwamba kwa wiki nzima alikula amesimama. Kizingiti cha dirisha kilifika penye kiwiko cha mtu aliyeketi. Bawaba za mlango zilikuwa za ngozi, zisilie. Sakafuni alitandika zulia la zamani la ukumbini kwao, kiatu kisisikike. Mgongo wa ulingo aliuelekeza mashariki, jua la asubuhi lisimwumize mwindaji machoni. Nimefundishwa useremala wa mapaa na nimefaulu mitihani yake yote. Katika jengo lile la mita nne sikuona pahali pa kurekebisha.

Westhoff alikuja kuutazama mwezi wa Septemba. Alipanda, akaketi, akashuka.

"Mzuri," alisema. "Alwin, tarehe mosi Mei, msimu wa madume ukifunguliwa, wewe ndiye utakayeketi wa kwanza. Neno langu hilo."

Nilikuwepo. Nililisikia neno lenyewe.

Kwa Alwin ahadi hiyo ilikuwa na sura na miguu. Miaka minne alikuwa akimfuatilia dume mmoja mzee mwenye pembe iliyopinda kuelekea nyuma. Alimwita Tarishi, kwa kuwa alikatiza malisho yale kila alfajiri saa ile ile. Mwaka uliofuata dume huyo angekuwa amezeeka vya kutosha kupigwa bila lawama. Majira yote ya baridi Alwin hakutaja kingine. "Mume wangu ana mpenzi," Roswitha alikuwa akiwaambia majirani, "ana miguu minne na pembe mbovu."

Tarehe ishirini na tisa Aprili, siku mbili kabla ya msimu, tulikwenda kukagua ulingo kama ilivyo desturi kila machipuko. Ngazi ya Alwin haikuwepo. Mahali pake palisimama ngazi ya mibetula, miti ya gome jeupe, na magome yake yote, vipandio vimepigiliwa misumari juu juu kama vifungo vya shati. Katika kibanda cha wawindaji tuliikuta ngazi ya zamani: imekatwa vipande, imepangwa vizuri kando ya jiko. Nusu ilikuwa majivu.

Alwin alirudi ulingoni, akatoa kisu chake kidogo, akakichoma katika kipandio cha tatu cha ile ngazi nyeupe. Kiliingia hadi mpinini kama katika keki.

Tuliporudi kibandani, Westhoff alikuwa pale akipanga vinywaji vya wageni.

"Bwana Westhoff, ile mibetula imetoka wapi?"

"Bustanini kwangu. Ilikuwa nguzo za kutambalishia waridi, miaka mitatu. Si inapendeza? Mgeni wangu anapenda kupiga picha, na ngazi yako, Alwin, usiudhike, ilifanana na kitu cha hospitali."

"Imeoza."

"Ngazi ni ngazi."

"Imeoza, Bwana Westhoff. Mbetula wenye gome huoza upesi kuliko mti wowote. Mtu mzito akifika kipandio cha tano hatafika cha sita. Na mgeni atapanda wapi? Tarehe mosi nakaa mimi."

Westhoff aliweka chupa mezani. "Ah, hilo. Huyu ni mteja mkubwa, ana siku tatu tu. Wewe uko hapa siku zote, msitu haukukimbii. Vuli, Alwin."

Nimeyaandika maneno hayo jinsi yalivyotamkwa, kwa sauti ya upole kabisa. Upole ule ndio ulionichoma. Mtu akikupora kwa ukali, walau amekiri kwamba ulikuwa na kitu.

Nyumbani Roswitha alikuwa akikaanga viazi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwache apande," alisema. "Mita nne si mbinguni. Akivunjika mguu, ulingo utabaki wazi."

"Rosi."

"Nasema tu. Mtu haruhusiwi kusema katika jiko lake?"

"Mgeni hajanikosea lolote."

"Basi kawaambie wenye bima ya ajali waje wauone."

"Watakuja wiki ijayo. Yeye anapanda kesho kutwa."

Alikula viazi vyake vyote, jambo lililomkasirisha Roswitha kuliko maneno, kisha akaomba nije kesho yake na msumeno.

Mchana wa tarehe thelathini tuliishusha ile ngazi. Kipandio cha tano kilikatika mikononi mwangu kabla sijakikaza. Juu ya mlango wa ulingo Alwin alipigilia ubao: USIPANDE, HAKUNA NGAZI. Mabaki tuliyabeba begani kupita katikati ya kijiji, na hiyo ndiyo siku ambayo vijana wetu hukata mibetula ili usiku waisimamishe, imefungwa tepe, milangoni kwa wasichana wanaowapenda. Bi Backes mwenye baa alituona akiwa anafagia ngazi zake.

"Kaka Alwin," aliita, "mapema hivi? Na huo mbetula wako, mbona umezeeka kuliko wewe? Unampelekea nani?"

"Westhoff," alisema Alwin.

Bi Backes aliegemea ufagio. "Basi uufunge na utepe."

Alfajiri ya tarehe mosi mpangaji na mgeni wake walikuta ulingo usiopandika. Kufikia saa mbili Westhoff alikuwa mlangoni kwa Thelen, na viatu vya matope juu ya mkeka wa Roswitha.

"Karatasi," alisema.

Alwin aliitoa karatasi yake ya ruhusa katika droo na kumpa. Westhoff hakuikunja, aliishika hewani kati yao.

"Nitengenezee ngazi kabla ya jioni, na hii naisahau. Unairudisha drooni."

"Ngazi nilishatengeneza. Umeipikia soseji."

"Unajua unachokipoteza?"

"Najua. Wewe hujui, ndiyo maana unauliza."

Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akimwambia *wewe* tupu, bila Bwana. Westhoff aliondoka na karatasi. Jioni hiyo alileta ngazi ya alumini kutoka ghalani kwake na kuifunga ulingoni kwa kamba. Ilikuwa imara, hilo silikanushi. Miaka kumi na mitano ya kazi ya Alwin katika msitu ule ilimalizika kwa ngazi ya kupakia vigae.

Siku ya tatu, alfajiri, risasi moja ililia upande wa Hasel. Alwin alikuwa bustanini akifunga njegere. Alisimama, akasubiri ya pili, haikuja, akaendelea kufunga.

Jumapili ile, baada ya misa, wanaume walikuwa kwa Bi Backes kama kawaida. Mgeni aliingia na Westhoff, tawi dogo la msonobari limechomekwa kofiani, maana ndivyo mwindaji aliyebahatika anavyotambulika. Alikuwa mtu mnene, mwenye haya. Aliwaonyesha watu picha: pembe moja imepinda kuelekea nyuma.

"Sijawahi kukaa katika ulingo kama ule," alisema. "Hausikiki, hautikisiki, jua liko mgongoni. Nani aliujenga?"

Westhoff alisema, "Fundi wetu wa hapa." Wanaume waliokuwepo, ambao wote wanamiliki vipande vya ardhi ambayo Westhoff ameikodi, walitazama bia zao. Watu kumi na mmoja. Niliwahesabu, na sitawasamehe upesi.

Ni Bi Backes aliyenyoosha kidole. "Yule pale dirishani. Aliahidiwa kuketi wa kwanza. Akaondoa ngazi mbovu usivunjike shingo, naye akanyang'anywa ruhusa. Utakunywa nini?"

Mgeni alimgeukia mwenyeji wake. Westhoff alisema haya ni mambo ya kijijini. Ndipo mgeni akavua kofia, akachomoa tawi, akalivunja vipande viwili, na kumwendea Alwin na nusu yake mkononi. Nadhani alikuwa na nia njema. Lakini kwetu nusu ya tawi hupewa mwenye mbwa, mbwa akishamtafuta mnyama aliyejeruhiwa, na kila mtu mle ndani alilijua hilo.

"Asante," alisema Alwin. "Mimi sikuleta mbwa."

Mgeni akawa mwekundu hadi masikioni. Akaweka nusu zote mbili juu ya meza ya Alwin, tawi zima, na kutoka bila kofia. Westhoff alimfuata. Alwin aliliacha tawi pale lilipo, akamaliza bia yake, akaenda nyumbani kula. Pembe za Tarishi wake ziko ukutani kwa mgeni yule, Düsseldorf.

Mwezi wa Juni alikuja mpangaji wa msitu wa kijiji cha pili, mama mmoja mfugaji, Gudrun Lenzen, akitaka malingo matatu. Alwin alimkaribisha jikoni, akatoa penseli soksini, akamsogezea karatasi nyeupe.

"Andika kwanza," alimwambia. "Kwamba fundi ndiye anayeketi wa kwanza katika kila ulingo, kabla ya mgeni yeyote. Na jina lako chini."

"Thelen, kwetu watu hupeana mkono."

"Kwetu pia," alisema Alwin.

Mama yule alimtazama, akamtazama Roswitha, akaandika. Alwin aliisoma karatasi mara mbili, akampa Roswitha naye aisome, kisha akanipigia simu kuniuliza kama kisu changu cha kubandulia magome kina makali.