Alijifunza kusoma akiwa na miaka 54, sasa macho yake yanazimika

Saa kumi na mbili asubuhi toroli la kwanza kutoka wodini linagonga kizingiti cha chumba cha kufulia, na mwanamke aliyeketi kwenye kona, karibu na kabati la taulo, anainua uso.

Toroli lenyewe yeye halioni vizuri. Anachokiona ni kitu cheupe kinachotembea.

"Wodi ya watoto hiyo," anasema. "Mashuka yananuka maziwa."

 Wanawake wanne waliovaa gambuti na glavu ndefu wanalisukuma toroli hadi kwenye meza kubwa ya kukagulia mashuka, meza aliyoisimamia yeye kwa miaka kumi na tisa. Anashusha uso, anavuta taulo nyingine na kuikunja mara tatu, vidole vikipapasa pindo kwa pindo. Kazi hiyo ya kukunja taulo amepewa wiki tatu zilizopita. Mwisho wa mwezi nayo itakwisha.

Ana umri wa miaka 62. Wenzake humwita Malenga, na mwanzoni lilikuwa jina la kejeli.

Kejeli yenyewe ilianza alipojiandikisha kwenye darasa la watu wazima. Alikuwa na miaka 54, mume ameshafariki, binti yake wa pekee ameshaolewa, na hajui kuandika hata jina lake. Kila siku ya mshahara alikuwa akitia dole gumba kwenye wino mbele ya vijana wenye umri wa kuwa wanawe.

"Wino ule ulikuwa hautoki siku mbili," anasema. "Mimi ninayetoa madoa ya hospitali nzima, doa langu mwenyewe lilinishinda."

Mwaka wa pili wa darasa, mwalimu aliwapa zoezi: kila mmoja aandike juu ya kitu alichokigusa siku hiyo. Wenzake waliandika juu ya watoto wao, juu ya jembe, juu ya Mungu. Yeye aliandika juu ya foronya ya mto iliyokuwa imetoka wodini asubuhi ile, imelowa upande mmoja tu. Utotoni alizoea kusikia mashairi yakisomwa redioni, na bila mtu kumwambia akazihesabu silabi za maneno yake kwa vidole:

*Foronya ya kitandani, upande mmoja mbichi,*
*Nani kalia jamani, kitambaa hakifichi,*
*Naifua kwa sabuni, chumvi yake haiachi,*
*Nimemfuta mgonjwa, simjui jina lake.*

Mwalimu aliusoma ubeti huo kimya, akausoma tena kwa sauti, kisha akamuuliza ameunakili wapi.

"Nilikasirika," Malenga anakumbuka, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anacheka. "Nikamwambia, mwalimu, mimi herufi nimezijua juzi, huo wizi nimejifunza lini?"

Tangu siku hiyo hakusimama. Kila shuka lilikuja na lake. Kuna lililorudi na kifungo cha shati la mwanamume kutoka wodi ya wazazi. Kuna lililorudi safi kabisa, limekunjwa vilevile kama lilivyokwenda, kwa sababu mgonjwa aliyeandaliwa kitanda hakufika. Wakati wa kupumzika, wenzake wakinywa chai, yeye alijibanza nyuma ya mashine ya kukaushia na daftari lake magotini. Mashuka mia mbili arobaini kwa siku yalipita mikononi mwake, na kwa hesabu yake mwenyewe, kila mia moja yalimwachia ubeti mmoja.

"Miaka yote ile nilidhani nafua uchafu wa watu. Kumbe nilikuwa nasomewa habari zao, ila mimi ndiye sikujua kusoma."

Madaftari yamefika tisa. Yamepangwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chake, katika chumba kimoja alichopanga umbali wa nusu saa kwa miguu kutoka kazini, na anayeyafungua kwa mfuatano hahitaji kuelezwa kilichompata. Daftari la kwanza lina mistari ishirini na nne kwa ukurasa, mwandiko mdogo, wa kubana karatasi. La tano lina kumi na miwili. La nane ameandika kwa kalamu ya wino mzito, mistari sita. Katika la tisa ukurasa mzima umebeba mistari minne, na herufi zake zina ukubwa wa ukucha wa dole gumba.

Ni presha ya macho. Jicho la kulia lilikwenda miaka mitatu iliyopita, polepole, pembeni kwanza, na giza lilipofika katikati halikusubiri. Daktari alimpa matone ya kulitunza la kushoto. Anayanunua mwenyewe: katika kila siku kumi anazofanya kazi, ujira wa siku nne unalipia kichupa cha matone hayo. Mara ya mwisho alipokwenda kliniki, daktari alizima taa yake ndogo, akamwambia kilichobaki ni cha miezi, na kwamba matone yanachelewesha tu.

Hakumwambia msimamizi wake. Hakumwambia mtu yeyote.

"Ningesema, ningetolewa mezani siku ileile. Nikikaa nyumbani nitaandika nini? Ukuta?"

Basi akaificha hali yake. Alikariri chumba: hatua saba hadi mezani, tatu hadi kwenye mashine. Madoa aliyanusa. Vitu vilivyosahaulika ndani ya mashuka, vijiko, pamba, viatu vya watoto, alivipapasa kwa mkono. Kwa karibu mwaka mzima ilimwendea sawa.

Kisha ikaja Jumanne moja, shuka kutoka wodi ya upasuaji. Kazi ya mkaguzi ni kulitandaza shuka lote, kulitazama na kulikung'uta kabla halijapita kwa mwenzake anayepakia mashine. Malenga alilitandaza, akapitisha kiganja katikati, akalikung'uta, akalisukuma mbele. Sindano iliyotumika ilikuwa imechomekwa kwenye upindo. Ilipenya glavu ya mwenzake na kuingia kwenye kidole cha shahada.

"Alisema 'aah', kidogo tu, kama mtu aliyekumbuka kitu," Malenga anasimulia. "Nikamuuliza, kuna nini mwanangu? Akasema, Mama, hii hukuiona?"

 Taulo imesimama mikononi.

"Nikaipeleka ile sindano karibu na jicho. Hapo ndipo nilipoiona."

Mwenzake huyo ana miaka 38 na watoto wawili. Wamefanya kazi bega kwa bega miaka sita. Yeye ndiye aliyekuwa akisomewa beti mpya kabla ya mtu mwingine yeyote, na ndiye aliyeligeuza jina la Malenga likaacha kuwa la kejeli. Hakuna aliyejua sindano ile ilitoka kwa mgonjwa gani. Mwenzake alianzishiwa dawa za kinga dhidi ya VVU jioni ileile, siku ishirini na nane mfululizo, na kutakiwa kurudi kupimwa, kipimo cha mwisho kikiwa baada ya miezi mitatu.

Siku iliyofuata Malenga alikwenda kwa msimamizi akasema yote. Msimamizi, mwanamume mpole anayevua kofia akizungumza na wanawake watu wazima, alimtoa mezani kabla ya saa sita.

"Sikumfukuza," anasema msimamizi. "Nilimtafutia taulo amalizie mkataba. Lakini meza ile ni ya macho. Naye alijua."

Mwenzake yuko siku ya ishirini na tatu ya dawa. Zinamtapisha, na usiku anaota ndoto mbaya. Wakati wa chai anakaa upande wa pili wa chumba, na anapoulizwa anachagua maneno yake taratibu.

"Simchukii. Ni mama yangu yule. Lakini kila nikimeza kidonge namkumbuka, na simkumbuki kwa wema. Kwa nini hakuniambia mimi, hata mimi peke yangu? Ningekuwa natazama kwa ajili yetu sote wawili."

Malenga ameambiwa maneno hayo. Hakujitetea.

Tangu Jumanne ile hajaandika. Kwa usahihi zaidi, ameandika mstari mmoja, umejaza nusu ya ukurasa: *Jicho langu limezima, na kidole ni cha kwako.* Hapo pamegoma. Anasema mstari wa pili unapaswa kuomba radhi, na kila neno analoliweka linaonekana kama linatafuta kusifiwa.

"Nilikuwa najiona mtu wa maana," anasema. "Mtu anayeona mambo ambayo wenzake hawaoni. Nimeandika machozi ya wagonjwa nisiowajua, na aliyekuwa karibu yangu nikamtia sindano."

Binti yake amejaribu kusaidia. Alikuja na simu, akamwambia, "Mama, wewe sema tu, mimi narekodi. Hutahitaji macho." Malenga alisema. Kisha akasikiliza, akaomba ifutwe.

"Ile sauti ni ya bibi mmoja anayelalamika. Mimi watu wameizoea sauti yangu miaka sitini, hakuna aliyewahi kuikalia kitako. Kwenye karatasi nilikuwa mtu mwingine." Anatikisa kichwa. "Miaka minane tu. Herufi zimekaa kwangu miaka minane, sasa zinafunga mizigo."

Anapoulizwa atafanya nini mkataba ukiisha, anasema atahamia kwa binti yake, kwenye chumba cha nyuma anacholala mjukuu wake. Madaftari atayachukua, ingawa hajui ya nini. Mwalimu wake wa zamani alihamishwa, na barua mbili alizomwandikia hazikujibiwa. Kuyachapa yawe kitabu? Anapungia swali hilo mkono kama anayefukuza nzi.

Lakini liko jambo moja analolitaka, na ameshaliomba. Wiki iliyopita alivuka chumba wakati wa chai, hatua kumi na moja ambazo hakuwa amezikariri, akasimama mbele ya mwenzake na kumwomba amchukue siku ya kipimo cha mwisho. Majibu huandikwa kwenye karatasi ndogo. Aliomba aishike yeye, aisome yeye, kwa sauti, kabla ya mtu mwingine.

Mwenzake alimtazama. "Na kama ni mabaya?"

"Basi nisome mabaya. Nimekutia sindano mimi, sitaki usomewe na mgeni."

 Mwishowe mwenzake alisema, "Haya. Utasoma wewe, Mama."

Kipimo kiko mbele miezi miwili na siku kadhaa, na daktari hakuahidi kwamba jicho litafika huko. Kwa hiyo Malenga anapunguza matumizi yake. Hafungui daftari tena. Jioni hawashi taa. Akirudi nyumbani anatia matone, anafumba macho na kulala chali hadi asubuhi, akitunza mwanga uliobaki kwa ajili ya neno moja.

"Nimesoma maneno mengi kwa miaka minane," anasema, mkono ukitafuta taulo inayofuata. "La mwisho nataka liwe 'hasi'."