Pipa Lenye Msalaba Mwekundu

Harufu ya rangi ya mafuta ndiyo iliyoniamsha asubuhi zote za utoto wangu kule Katuba, wakati Lubumbashi bado inaitwa Elisabethville. Baba alikuwa mchora vibao. Barazani petu vilipangwa vibao vya kinyozi, vya fundi cherehani na vya muuza samaki wakavu, vyote vikisubiri kukauka, na kuku wetu mmoja alitembea mwaka mzima na bawa la kijani kwa sababu ya ukorofi wake. Watu wengi wa mtaa hawakujua kusoma, kwa hiyo Baba hakuandika neno hata moja. Mwenye macho haambiwi tazama, alipenda kusema. Kila alipomaliza mchoro aliniita mimi, mtoto wa miaka sita ambaye hajaanza shule, akaniuliza, "Kapinga, hapa iko nini?" Nikisema mkasi, mkasi ulibaki. Nikisema panzi, alichukua kitambaa akaufuta bila kubishana nami, kwani mpita njia naye hangepata mtu wa kubishana naye. Nilijiona mtu mkubwa sana, wala sikuficha.

Kisha Katanga ikajitenga, ikawa na bendera yake na noti zake, na sisi ambao wazazi wetu walikuja kwa gari-moshi kutoka Kasai tukaanza kuambiwa turudi kwetu. Kwetu wapi? Kwetu nilikokujua mimi ni Katuba. Siku zile jina la mtu, kwa kuwa lilionyesha asili yake, lilitosha kumponza. Familia moja baada ya nyingine ikahamia kambini, pembezoni mwa mji, tukilindwa na askari wa kigeni wenye kofia za buluu, na nyumba yetu mpya ikawa ya magunia na matawi ya mikaratusi. Karani aliyeandikisha watu alimwuliza Baba kazi yake. Baba alieleza kwa Kiswahili, akaeleza kwa Kiluba, akaonyesha kwa mikono. Karani akaandika neno moja la Kifaransa, peintre, yaani mtu wa kupaka rangi, akampa ndoo ya chokaa akapake kuta za vyoo. Jioni alirudi na nyusi nyeupe kama mzee, na Mama alipomtania kwamba chokaa nayo ni rangi, hakucheka. Iliniuma kumwona hivyo.

Karibu na lango la kambi palikuwa na mapipa mawili ya maji. La kwanza lilijazwa maji safi yaliyoletwa na lori kutoka mjini. La pili lilijazwa maji ya kijito, ya kufulia tu, na juu yake kulikuwa na ubao wenye maneno ya Kifaransa ambayo hakuna aliyeyajali, kwa kuwa wachache waliweza kuyasoma. Watoto wakaanza kuharisha. Ndipo karani akakumbuka kwamba yule mtu wa chokaa alidai kujua kuchora, akamwambia atengeneze kibao upesi. Baba alifurahi mno, na furaha ikamponza. Alichora kikombe, akapitisha juu yake mistari miwili minene myekundu iliyokatana, maana yake msinywe hapa. Siku hiyo mimi nilikuwa kwenye foleni ya unga, hakuwa na wa kumwuliza, akakitundika hivyo hivyo kikiwa bado kibichi na kurudi kwenye vyoo vyake. Haraka haraka haina baraka.

Siku tatu baadaye mdogo wangu Ntumba, mtoto wa miezi kumi, alikuwa amelegea mgongoni mwa Mama, macho yamezama, hata kulia hawezi. Baba alitaka kujua amekula nini. Mama akamtuliza, akasema asiwe na wasiwasi, "Niko namupa mayi ya dawa."

Baba akauliza dawa gani, kutoka wapi.

"Mu pipa ya musalaba," Mama akajibu. "Bamama bote banachota pale. Si njo weye mwenyewe ulichora?"

Sijasahau uso wa Baba. Kambini mwetu gari la muuguzi lilikuwa na msalaba mwekundu mlangoni; akina mama waliona msalaba ule ule juu ya kikombe, wakaelewa kwamba hapa ndipo maji ya kuponya yanapochotwa, wakawapelekea watoto wao walio wagonjwa zaidi. Mganga hajigangi: kibao chake kilikuwa kimeingia mpaka nyumbani kwake. Nilimwogopa, nikadhani atapiga kelele. Alimchukua mtoto, akakimbia naye kwa muuguzi, Mama nyuma yake, na aliporudi peke yake, Mama akiwa amebaki huko na mtoto, alikwenda moja kwa moja kuking'oa kile kibao. Aliketi kando ya pipa, akawa anamzuia kila aliyekuja na kikombe, na huku machozi yanamtoka mbele za watu.

Kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Kesho yake alichora upya, na safari hii hakuniuliza mimi tu. Aliwasimamisha bibi vizee, wageni waliofika asubuhi ile, hata watoto waliokuwa wakipigana. Alichora mtoto aliyeshika tumbo. Bibi mmoja akatazama, akasema kwa furaha, "Huyu ameshiba." Baba akafuta. Akachora tena, akafuta tena. Mwishowe aliacha kukataza, akaonyesha. Kwenye pipa la kijito alichora mwanamke anayekamua nguo, povu limemjaa mikononi. Kwenye pipa la lori, mama anayemnywesha mtoto wake. Niliposema bila kusita kila pipa ni la nini, alinishika kichwa kwa mkono wake wenye rangi, na nywele zangu zikagandamana wiki nzima.

Mkubwa mmoja wa wale kofia za buluu alikuja kuona. Hakujua Kiswahili wala Kiluba, na Baba hakujua lugha yake. Alimnyooshea kidole Baba, kisha ndoo ya chokaa, akainua mabega: wewe ni nani hasa? Baba akamshika mkono, akamsimamisha kando, wakangoja. Akaja mwanamke aliyefika kambini dakika ile, mzigo kichwani, mtoto mgongoni, kikombe mkononi. Akaenda kwenye pipa la kijito, akatazama kibao, akahamia pipa la lori, akamnywesha mwanawe. Baba akamwonyesha yule mwanamke, akaonyesha kibao, kisha akajigonga kifua. Mkubwa yule akavua kofia. Tangu siku hiyo Baba alichora vibao vyote vya kambi, na chokaa akapewa mwingine. Siku ya tano tangu apelekwe kwa muuguzi, Ntumba alilia kwa njaa, na Mama akaimba.

Leo mimi ni mzee na bado nafundisha uchoraji, si mbali na barabara ya Kasapa. Vibao vya mji sasa vinatoka kwenye kompyuta, vina rangi ambazo Baba hakuwahi kuota, na vingi vinapiga kelele bila kumwonyesha mtu njia. Lakini wanafunzi wangu wana macho makali kuliko yangu, nami nina matumaini nao. Wakiniuliza kazi hii ni nini hasa, nawatoa nje, tunasimama kando ya kibao, tunangoja mtu apite.

Ntumba ni wakala wa forodha kule mpakani Kasumbalesa. Kila Krismasi, akishakula, hunitania mbele ya wote kwamba uchoraji haujawahi kumwokoa mtu. Namtazama tu, na kitambi chake, na wajukuu wanaomkwea magotini.