Neno la Ndolo

Mbithe na mumewe Ndolo walifanya kazi pamoja katika gereji yao ndogo ya injini pale Kyumbi. Mafundi wengine walichonga silinda na kubadilisha beringi. Wao walifanya hayo pia, lakini watu waliwajua zaidi kwa utando mweusi waliopaka pistoni. Ndolo alikuwa amejifunza kazi hiyo akiwa kibarua katika karakana moja ya Mlolongo: pistoni huoshwa mpaka ing'ae, hukwaruzwa kwa mchanga laini, kisha ubavu wake hupuliziwa dawa ya grafiti, nyembamba kuliko unywele, na kuokwa ili ishike. Ikirudi ndani ya silinda, chuma huteleza juu ya chuma bila kuumana sana. Ndolo alipulizia, Mbithe akaoka, katika jiko walilolinunua kwa mwoka mikate aliyefunga biashara.

Ndolo aliipenda kazi hiyo, na alipenda kuisimulia. Homa ya mapafu ilimchukua msimu wa mvua za vuli. Walimzika kwao, na baada ya matanga Mbithe alifungua gereji tena, kwa sababu Wavinya, binti yao, alikuwa bado shuleni, na kwa sababu nyumbani palikuwa kimya mno.

Kiangazi kilipokolea alipigiwa simu na Bartholomew, mkulima wa Ekalakala. Injini ya dizeli iliyokuwa ikivuta maji kutoka mtoni imeshika, haizunguki. Pistoni zake zilipuliziwa dawa na Ndolo mwaka uliotangulia. Mbithe alifunga vifaa vyake akaenda.

Alipofika aliona nyanya kwanza. Majani yalikuwa yamejikunja, matunda mabichi yananing'inia kama mifuko mitupu. Kasiva, mke wa Bartholomew, alimkaribisha kwa maji ya kunywa, naye hakutaja nyanya.

Mbithe aliifungua injini palepale kando ya mto. Oili ilikuwa imevujia chini mpaka karibu ikaisha. Pistoni zilitoka na weusi wake, zimechubuka kidogo tu. Lakini beringi za shafti, ambazo hakuna aliyezipaka chochote, zilikuwa zimeyeyuka na kugandamana.

"Mzee, hii injini imekosa oili siku mingi," alisema. "Hukuwa unaangalia?"

Bartholomew alitazama mtoni. "Mama Wavinya, sitaki kusema marehemu vibaya."

"Sema tu."

"Bwana yako aliniambia hiyo dawa yake ni kali. Akasema hata oili ikipungua, hii injini haiwezi shika. Mimi nikaamini. Nikaacha kuangalia."

Mbithe alikuwa na jibu tayari, kwamba Ndolo hangeweza kusema hivyo. Alimtazama Kasiva.

"Nilikuwa hapo," Kasiva alisema polepole. "Alisema akicheka. Lakini alisema."

Mbithe akaisikia sauti ya mumewe ikiyasema maneno hayo. Alimjua. Kazi ikimpendeza, ulimi ulimtangulia. Na sasa hakuwepo wa kuulizwa.

"Kama alisema, alisema," Mbithe akajibu. "Haikuwa ukweli. Dawa iko kwa pistoni peke yake, na hata hapo inasaidia oili, haishiki nafasi yake. Beringi mtanunua. Kazi ni yangu, sitawalipisha."

Walimsaidia kupakia injini kwenye pikapu ya jirani. Njiani Mbithe alikaa mbele na dereva. Tangu mazishi, kila aliyemtaja Ndolo alimtaja kwa wema, na yeye mwenyewe alikuwa amemsafisha moyoni mwake mpaka akabaki mtu asiye na doa, mtu ambaye hata yeye hakumfahamu vizuri. Sasa alimkasirikia. Alimkasirikia kwa nyanya za watu, na kwa kumwachia aibu ya kusema "haikuwa ukweli" mbele ya wenyeji. Machozi ambayo hayakumtoka kaburini yalimtoka pale, na dereva akajifanya hakuona.

Shafti ilichongwa, beringi mpya zikaingia. Pistoni alizipulizia mwenyewe kwa mara ya kwanza. Pistoni moja ilibidi aioshe aanze upya.

Injini ilipowaka tena Ekalakala, nyanya zilikuwa zimekwisha kung'olewa. Kasiva alikuwa amepanda sukuma mahali pake. Bartholomew alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena na kumwonyesha Mbithe. Mbithe akaitikia kwa kichwa.

Siku hizi kila mteja anayechukua pistoni zake Kyumbi huambiwa jambo lilelile: dawa inapunguza msuguano, oili iangaliwe kila asubuhi. Wengine huondoka wakaenda kwa fundi anayeahidi zaidi. Wavinya aliwahi kumwuliza mama yake kama ni lazima awaambie watu hivyo, hali wateja wanapungua.

"Baba yako alikuwa fundi mzuri," Mbithe alimwambia, "na alipenda kuongeza chumvi. Hayo yote mawili nitayasema."

Kisha akafungua mlango wa jiko kutazama kama dawa imeshika.