Kulungu Aliyekula Rangi ya Harusi

Jamani, kabla hamjanicheka ngojeni kwanza nijicheke mwenyewe, maana aibu hii nimetoka nayo Guangzhou na mpaka leo nikiikumbuka najifunika uso.

Enzi hizo Kariakoo nzima ilikuwa inakwenda China, na mimi nimo, na safari hiyo dada yangu Zubeda akanikabidhi sare ya harusi ya binti yake. Kwenye kamati walikuwepo waliosema wazi kwamba Mwanaidi hafai, ana mdomo mrefu na akili fupi, lakini dada akanitetea, akakata kipande cha gauni la bibi harusi, rangi ya pichi laini kabisa, akanifungia kwenye leso. "Kitambaa kifanane na hiki. Usinitie aibu, mdogo wangu." Nikakifungua, nikawa natembea nacho mkobani kila niendako.

Sasa laoban wangu wa pale Zhongda, soko la vitambaa (laoban ndiyo bosi wa duka, mama mmoja mchangamfu, majora yake yamefika darini) alikuwa amenunua kamera mpya ya dijitali, na wazimu wake ni kupiga picha wanyama. Aliposikia natoka Tanzania akauliza kama nimewahi kuona simba. Badala ya kusema mimi ni mtoto wa Ilala, mnyama mkubwa niliyemzoea ni mbuzi wa Idi, nikasema simba tulikuwa tunapishana nao asubuhi tukienda shule. Saada, mwanafunzi wa Kizanzibari aliyekuwa mkalimani wangu, akanikodolea macho.

"Nimtafsirie hivyo hivyo, dada?"

"Mtafsirie, kwani wewe kinakuuma nini?"

Basi Jumapili laoban akatupakia kwenye gari mpaka milimani nje ya mji, kumbe kasikia kuna bonde wanaonekana kulungu wa porini, na mimi ndiye bingwa aliyeletwa! Nimevaa baibui na viatu vya kisigino (nilidhani tunakwenda kula). Tukajibanza nyuma ya mianzi, na wallahi wakatokea. Dume limetangulia, pembe zimechanua matawi, mgongoni madoa meupe, na moyo unanidunda mpaka nikasahau kwamba mimi ni mwongo. Laoban akanong'ona, Saada akafasiri, "Anasema yuko mbali, umwite kama mnavyowaita kwenu."

Kwetu nani anaita kulungu? Nikatumbukiza mkono mkobani, nikashika kitu cha kwanza chepesi, nikasimama nikakipunga huku napiga mluzi. Akaja mbio, hana hata wasiwasi, na kabla sijajua nimeshika nini kipande cha gauni kimo kinywani.

"Dada," Saada akasema, "ile si rangi ya harusi?"

Nikamrukia. Mimi nimeshika ncha hii, yeye kashika ile, navuta, anavuta, kisigino kikakatika, nikaburuzwa matopeni huku nalia "Niachie! Cha watu hicho!" (Kiswahili kitupu, na kulungu wa Kichina), na laoban nyuma yangu anapiga picha kwa furaha zote. Mara akatokea mzee na ndoo ya pumba, akaigonga, kulungu wote wakamfuata kama kuku. Ndipo nikaona kila mmoja ana kibandiko cha manjano sikioni. Wa kufugwa! Anawafuga kwa ajili ya dawa ya pembe, wamezoea kulishwa mkononi. Yule mzee alinicheka mpaka akakaa chini, na dume akakimeza kipande changu huku ananiangalia.

Saada akaniambia, "Mpigie dada'ako umwambie kweli, atume kipande kingine." Nikamwambia akome. Nimpigie nimwambie kimeliwa, kamati wapate la kusema? Nikaomba picha. Laoban akanisafishia moja, kulungu katafuna, kitambaa kinaning'inia, mimi chali. Na picha hiyo ndiyo niliyozunguka nayo Zhongda, duka kwa duka, kila muuzaji anacheka kwanza, anamwita jirani naye aje acheke, ndipo anasema meiyou, hakuna. Mwisho nikapata jora lililofanana na picha kabisa, nikashukuru Mungu, nikafunga mzigo. Kwamba kitambaa cha kwenye picha kilikuwa kimelowa mate na matope, na kamera nayo imekoleza rangi, hilo halikunipitia kichwani.

Mzigo ukachelewa, ukafika juzi yake na kwenda moja kwa moja kwa fundi, muda wa kubadili hakuna. Siku ya harusi bibi harusi kaingia na pichi yake laini, na nyuma yake mashangazi, mama wadogo, kamati nzima, wamevaa chungwa kali linalochoma macho, rangi ile ile ya wafagia barabara wa Guangzhou. Dada Zubeda akanisogelea, machozi yanamlenga, akaniuliza taratibu, "Mwanaidi, nilikukosea nini?"

Mdomo wangu wote ule, nikauficha kwenye mtandio. Bibi harusi ndiye aliyegeuka, akasema, "Muacheni mama mdogo. Leo hakuna atakayeuliza bibi harusi ni yupi."

Watu wakacheka, vigelegele vikapigwa. Dada hakucheka. Alikuja kucheka mwaka uliofuata, na hata hapo kidogo tu. Mimi nimeapa, sare ya harusi ya mtu siibebi tena hata nipigiwe magoti, na mtu akiniuliza jambo nisilolijua namjibu sijui, hata kama ulimi unaniwasha kulisema.