Mstari wa Marcelo kwenye Mizani

Domitila ni binti wa Nyanjige wa Mwamapalala, ila siku hizi yuko Bariadi mjini, kwenye nyumba ya vyumba viwili aliyojenga na mumewe Marcelo. Kazi yake ni kuandika programu za kompyuta kwa lugha ile inayoitwa C. Mimi hupita kwake nikitoka Nassa kwenda Mwandoya, maana mtu wa kutembea kama mimi lazima awe na nyumba za kunywea maji njiani. Haya ya kompyuta nimeyapata kwa kukaa kwenye kigoda chake na kuuliza. Nikikosea atanisamehe.

Marcelo alifariki masika yaliyopita, kwa homa, haraka. Tangu hapo Domitila anafanya kila kitu sawasawa na hakuna kinachomgusa. Ukimwambia mvua imelaza mahindi, anasema ndiyo. Ukimwambia dada yake kajifungua mapacha, anasema ndiyo, kwa sauti ile ile. Vitu vya marehemu vilishagawanywa, baiskeli ikaenda kwa Josia mdogo wake, na makoti kwa wajomba. Kilichobaki kikifanya kazi ya Marcelo kila siku ya msimu ni mstari mmoja kwenye programu ya mizani ya pamba.

Programu hiyo waliiandika wote wawili, kwa ajili ya kituo cha kununulia pamba kilichoko nje ya mji. Mizani inatuma uzito kwenye kompyuta kwa waya, kompyuta inauwasha kwenye ubao wa taa nje, na wakulima wote wanaona. Mwanzoni namba ilichelewa kidogo tu, kama mtu anavyovuta pumzi. Lakini wabebaji wa pale hawasubiri. Wanatupa furushi juu ya mizani, wanalinyanyua, wanatupa lingine. Basi namba ikawa inawaka furushi lake likiwa limeshaondoka, na mkulima wa kwetu hatoki mizanini mpaka aone uzito wake kwa macho yake. Ugomvi ukawa kila asubuhi.

Ndipo Marcelo akatafuta njia ya kuchukua namba moja kwa moja, bila kupitia foleni ya ndani ya kompyuta. Mfumo unaoendesha kompyuta una kazi nyingi ambazo programu inaweza kuziita. Zilizo nyingi wenye mfumo wamezieleza kitabuni, unaziitaje na unazipa nini. Nyingine zimo ndani lakini hawakuzieleza popote, ni za kwao wenyewe. Marcelo alichungua majina yaliyomo, akapata moja, akabahatisha namna ya kuiita, mashine ikazimika mara nyingi, mpaka akaipata. Aliniambia akicheka, akiniita guku, yaani babu:

"Guku, ni kama mimi na mama mkwe. Yupo, kila mtu anajua yupo, nikimwona njiani napita kwenye mahindi, na jina lake silitaji. Sasa kule kwenye mashine nimelitaja."

"Akaitika?"

"Akaitika, tena mara moja."

Domitila alikuwa anapepeta mchele mlangoni. "Ameitika leo," alisema. "Kilichomo kitabuni wametuahidi. Huyu hawajatuahidi. Siku yoyote wanaweza kumhamisha."

"Wakimhamisha nitamfuata," alisema Marcelo.

Msimu huu Josia ndiye karani wa mizani. Siku moja kabla ya kufungua soko aliiunganisha kompyuta na mtandao wa simu yake ili aangalie mpira, na mpira ulipokuwa unaendelea mashine ikajichukulia mfumo mpya. Asubuhi alipofungua programu, ilifunguka, ikajifunga. Akafungua tena, ikajifunga tena. Ubao ukabaki mweusi, na wakulima wameshajipanga na mafurushi yao. Mwenyekiti wa kituo akasema ikifika saa sita ubao haujawaka, watarudi kwenye mizani ya zamani, ile ambayo karani anasoma peke yake na wewe unamwamini tu.

Josia alikuja na baiskeli ya kaka yake. Tulikuwa tunakunywa uji.

"Mwangaluka, shemeji. Mashine imekataa."

"Uliiunganisha?"

"Kidogo."

"Mpira uliisha vipi?"

"Tulifungwa."

"Basi," alisema Domitila, akachukua mkoba wake.

Nilifuatana nao. Domitila alikaa mbele ya kompyuta na hakuhangaika. Programu, ikianza, inauuliza mfumo: una kazi ya jina hili? Zamani mfumo ulijibu ipo, ukatoa mahali ilipo. Sasa ulijibu haipo. Na Marcelo hakuandika popote kwamba ikikosekana tufanyeje. Programu ikaenda mahali pasipo na kitu, ikaanguka.

"Hakuuliza itakuwaje ikikosekana," alisema Domitila. "Nilimwambia aulize."

Josia aliinama karibu naye. "Shemeji, si tunaweza kurudisha ule mfumo wa zamani? Mimi sitaiunganisha tena. Mstari wa kaka ubaki."

Mikono ya Domitila ilikuwa juu ya vitufe na haikuandika. Nje watu walikuwa wanapiga kelele za njaa na jua.

"Msimu huu mkoani wanataka taarifa kila jioni," alisema. "Lazima iunganishwe. Itajibadilisha tena."

"Basi ufunike tu huo mstari, mashine iuruke. Usiufute."

"Atakuja mtu baada yangu, atauona, atadhani unafaa. Atauwasha." Akaufuta. Aliweka ile kazi ya kitabuni, ya polepole, na chini yake akaandika swali ambalo Marcelo hakuliuliza. Nilimuuliza kama anaumia. Alisema, "Sisikii kitu, guku. Nasikia kiti kigumu."

Ubao ukawaka kabla ya saa sita. Furushi la kwanza lilikuwa la Ngassa, la pili la mama mmoja anaitwa Kwandu. Wabebaji wakatupa, wakanyanyua, na namba ikaja nyuma yao.

"Hiyo ni yangu au ya Ngassa?" aliuliza Kwandu. "Maana ya Ngassa ni nyepesi kama yeye."

Watu wakacheka, lakini mwenyekiti hakucheka. Domitila akatoka nje, akamfuata Bujiku, mkubwa wa wabebaji.

"Baba, furushi likikaa, msubiri kidogo ndipo mnyanyue."

"Kidogo ni kiasi gani, mayu? Hawa vijana kusimama bure hawawezi."

"Kwenye palizi mnafanyaje mkingoja wa nyuma wafike?"

Bujiku akamwangalia. Kisha akawageukia wenzake, na furushi lilipokaa juu ya mizani akaimba mstari mmoja wa palizi, nao wakamjibu mikono ikiwa kwenye furushi. Walipomaliza kujibu, namba ilikuwa inawaka. Kwandu akaisoma kwa sauti, akakubali, akatoka.

Wakaendelea hivyo. Domitila alisimama kando ya mlango, mkoba begani. Nikaona mguu wake unapiga chini kufuata wimbo, halafu ukaacha.

"Umemaliza uji wako?" aliniuliza.

"Niliuacha."

"Utakuwa umepoa," alisema, na tukaanza kurudi.