Fasi ya Sifa

Nitakayosema yalinipata mimi mwenyewe, si shangazi yangu wala rafiki wa jirani. Sikuwa na homa, sikuwa nimeonja kitu, na mambo yenyewe yalitokea mchana, watu wakiwa macho. Nawaambia mapema kwa sababu nawajua: mtu akitaja tu aliyekufa, mnaanza kumchungulia machoni mkitafuta wekundu wa pombe ya waragi. Tafuteni. Mkichoka, kaeni tuendelee.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi Mbarara, kwenye ofisi ndogo ya kusafirisha wageni. Mtu akitaka kwenda visiwa vya mbali vya Ziwa Viktoria, vile ambavyo feri haifiki, kazi yangu ilikuwa kuhakikisha anafika, anakula, analala pakavu na anarudi mzima. Gari, boti, petroli, mahema, mchele, dawa ya kuhara, vyote vilipita mkononi mwangu. Niliwapeleka Wazungu wa kuangalia ndege, wachungaji wa kuhubiri, watu wa kupima samaki. Mimi mwenyewe sikuwahi kukanyaga kisiwa hata kimoja. Tangu nivuke Ziwa Tanganyika mwaka wa tisini na sita, tukikimbia vita vya Kongo, sikutaka tena kukaa ndani ya boti. Wenzangu wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale walinitania kwamba mimi ni mpishi asiyekula chakula chake, nami nilicheka nao, maana ni kweli.

Mwenye ofisi alikuwa mwanajeshi mstaafu tuliyemwita Afande. Alikuwa na sheria moja, na mimi niliishika kuliko yeye: boti tunayokodi ina nafasi nane za abiria na jaketi nane za kuokolea. Wa tisa hapandi, hata awe askofu.

Sasa sikilizeni jambo la lugha, kwa sababu ndilo lililoniponza. Sisi watu wa Kivu nafasi tunaiita fasi. Kiti ni fasi, chumba ni fasi, hata kaburi ni fasi. Na tuna adabu moja: mtu akikuomba fasi, humwambii hakuna. Unamwambia "fasi haikosaka", yaani nafasi haikosekani, hata kama nyumba imejaa mpaka mlangoni. Yeye anaelewa, anashukuru, anaenda zake. Nani alishawahi kushikwa kwa neno la adabu?

Siku yenyewe mvua ilikuwa inapiga mabati tangu asubuhi. Afande alikuwa ameenda Bwizibwera kuangalia maziwa ya ng'ombe wake, na mimi nilikuwa peke yangu nikiandika orodha ya abiria wa kesho yake. Wageni saba wa kuangalia ndege, na wa nane Furaha, binti yangu wa pekee. Alikuwa anakwenda kuwapikia na kuwatafsiria. Furaha alikulia Nakivale, akasoma kwa taabu, akamaliza, kisha akakaa nyumbani kupanga mafungu ya maharage ya kuuza kama wengine. Safari hiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza. Alikuwa amepiga pasi nguo zake mara mbili.

Mwanamke aliingia bila kubisha. Kitenge cha kawaida, kilemba, mikono mitupu. Nilimwona vizuri kama ninavyoiona karatasi hii, ila sikumtazama usoni kwa sababu kalamu ilikuwa inaandika. Kitu kimoja nilikigundua na nikakipuuza: alikuwa mkavu. Mvua ile, na miguu yake ina vumbi.

"Jambo, mama," alisema.

"Jambo yako. Karibu, ukae."

"Sitakaa. Niko natafuta fasi mu boti ya kesho."

Moyo wangu ulifurahi, nisiwafiche. Mbarara kutwa nzima unasikia Kiswahili cha sokoni na cha kambi ya jeshi, halafu ghafla mtu anasema kama mama yako. Nikajibu vile tunavyojibu kwetu, bila kufikiri.

"Boti imeshajaa, dada. Lakini fasi haikosaka."

"Haikosaka?"

"Haikosaka, dada yangu."

"Basi, andika."

Nilicheka. Mniamini, nilicheka kabisa, nikidhani nimempata mwenzangu mwenye utani. Nilipoinua kichwa, mlango ulikuwa wazi na mvua inaingia ndani. Hakukuwa na mtu.

Afande aliporudi aliichukua orodha, akaisoma huku anapangusa maji kichwani.

"Nyabo, mama, hii ni nini? Huyu Sifa iko nani? Na Furaha, wewe napeleka yeye wapi?"

Nikamwambia asome tena. Akanionyesha. Mstari wa nane, kwa mwandiko wangu, bila mkwaruzo wala kufutwa: Sifa. Jina la binti yangu halikuwepo. Niliichana karatasi mbele yake, nikaandika nyingine, nikitamka kila jina kwa sauti, la mwisho nikitamka Furaha. Afande akaichukua, akaitazama, akanitazama mimi.

"Mama, wewe umechoka. Nimeona Sifa tena. Kama mtu amelipa, ni sawa, lakini mambo ya maji hapana mchezo. Nane ni nane."

Sasa itabidi nieleze Sifa ni nani, na hili sijawahi kumwambia mtu, hata kanisani.

Sifa alikuwa jirani yangu kule nyumbani, ng'ambo ya Fizi. Tulichota maji pamoja na tulizaa mwaka mmoja, wake akafariki, wangu akawa Furaha. Siku tuliyokimbia, tulifika ufukweni pamoja. Mtumbwi ulikuwa umejaa watu, imebaki fasi moja ubavuni kwangu. Sifa akanishika mkono, akasema, "Unichungie fasi, naenda kumukamata mama, niko narudia." Mama yake alikuwa mzee, alikuwa amekaa chini ya mlima hatua mia mbili hivi. Nikamjibu, "Enda, fasi haikosaka." Risasi zikaanza kusikika. Mwenye mtumbwi akauliza, "Hapo kuko muntu?" Nikasema, "Hapana, hapa hakuna mutu." Nikaweka hapo mfuko wangu wa unga wa muhogo, tukaondoka. Nilimwona Sifa akitokea na mama yake mgongoni. Alisimama kwenye maji, hakupiga kelele. Habari yake nyingine sikuisikia mpaka siku hiyo ya mvua, na unga ule tuliula siku nne.

Hapo mnajua nilichokuwa najua mimi jioni ile katika chumba changu cha Kakiika, hapo hapo Mbarara, Furaha akiimba na kukunja mahema. Ahadi ni deni, na mdai alikuwa amekuja kuchukua fasi ya mtoto wangu. Nilimwambia Furaha asiende. Akauliza kwa nini. Ningemwambia nini? Kwamba yeye alikuwa mgongoni mwangu siku ile, na kwamba mfuko wa unga ulikaa mahali pa mtu?

"Mama, weye unaogopaka maji," alisema, kwa upole tu. "Mie hapana. Uniache nitumike kazi."

Asubuhi nikapanda gari pamoja nao. Dereva alishangaa, Afande alishangaa zaidi. Njia nzima nilikuwa nahesabu vichwa vya abiria, saba na Furaha, saba na Furaha, nikajipa moyo kwamba labda kweli nilikuwa nimechoka.

Tulipofika ufukweni, alikuwa amekwisha kukaa ndani ya boti.

Si kwamba nilimwona mimi peke yangu. Kila mtu alimwona. Mama wa kawaida, ametulia, jaketi ya nane ameivaa na kuifunga. Wageni walimsalimia. Mwenye boti alichomoa karatasi niliyomtumia, akapitisha kidole kwenye majina, akasema huyu yumo, binti ndiye hayumo, na binti abaki.

Laiti angebaki! Lakini wageni hawakutaka kukaa wiki nzima kisiwani bila mpishi wala mtu wa kuwatafsiria, na Furaha hakutaka kurudi Nakivale kupanga maharage. Akasema atakaa kwenye ukingo wa boti, juu ya mizigo. Bila jaketi. Ziwa lilikuwa limechafuka, mawimbi yanapiga mawe na kurudi, na saa zilizokuwa mbele yao zilikuwa tano. Nilipiga kelele kuhusu sheria, nane ni nane, nikamshika Furaha mkono. Alinitoa mkono mbele ya watu, kwa hasira ambayo sikuwa nimeiona kwake, akapanda. Boti ikainama upande wake. Nikaona mguu wake ukiteleza, akajishika kwenye kamba, akacheka. Watu wengine nao wakacheka.

Niliingia kwenye maji. Mimi, niliyekuwa sijagusa maji ya ziwa miaka kumi na mingapi, nilitembea mpaka yakafika kiunoni, nikashika ubao wa boti mbele ya yule mwanamke, na kwa mara ya kwanza nikamtazama usoni. Hakuwa amezeeka hata siku moja. Mimi nina mvi, yeye ni binti.

"Sifa," nilimwambia kwa sauti ya chini. "Uchukue mie. Umuache mutoto."

"Siko nachukua muntu," alisema. "Niko nangoja fasi yangu. Uliniambia haikosaka."

"Kamata yangu."

Akafikiri. Mawimbi yalikuwa yananisukuma, na mwenye boti ananifokea nitoke.

"Ule mwenye mutumbwi alikuulizaka nini, siku ile?"

"Aliuliza kama kuko muntu."

"Na weye ulisema nini?"

Nyuma yake Furaha alikuwa amekaa kwenye ukingo, miguu inaning'inia, anatazama upande wa kisiwa.

"Ujishike kifua," Sifa akasema, "useme vile ulisema."

Nikaweka mkono kifuani. Nikasema, "Hapa hakuna mutu."

Basi. Alifungua jaketi, akamvalisha Furaha mwenyewe, akaifunga mafundo yote na kuyavuta kuhakikisha, kama mama anavyofunga mtoto. Akashuka kwenye maji, na boti ikaondoka na watu nane. Nililia kwa furaha. Kweli, nilidhani nimeshinda.

Tulirudi kwenye gari wawili, mimi na Sifa. Yeye akakaa mbele, na dereva akamfungulia mlango na kumwambia, "Pole, Mama Furaha, mtoto atarudi salama." Mimi nilifungua mlango wa nyuma mwenyewe.

Furaha alirudi salama, amechomwa na jua, ana hadithi za ndege mpaka masikio yanauma. Tangu hapo hajakosa kazi. Lakini nilipokwenda kumpokea ofisini Mbarara, alipita mbele yangu akamkumbatia mtu aliyesimama ubavuni kwangu. Kisha akageuka, akaniamkia kwa heshima, kama unavyomwamkia jirani wa mama yako.

Haikuja yote siku moja. Kwanza kanisani, Nakivale nilikokuwa narudi kusali, benchi langu likawa limekaliwa kila Jumapili. Kisha siku ya mgao wa chakula, niliposimama mstarini tangu asubuhi, karani akatazama kitabu chake na kuniambia, "Mama, wewe umekwishachukua. Umechukua sasa hivi." Ofisini Afande alimpa mtu mwingine kiti changu na hakuwahi kunifukuza. Hakukumbuka tu kwamba kuna wa kufukuzwa. Nikisema jina langu, watu wanasubiri nimalize, halafu wanauliza, "Na wewe ni nani?" Nalala kwa dada mmoja wa kanisa ambaye kila asubuhi ananikaribisha upya.

Sisemi Sifa ni mbaya. Anampenda Furaha, naona. Anampikia vizuri kuliko mimi. Aliyekosa ni mimi, na nimelia vya kutosha, kwa hiyo msinililie. Ila nawaonya, ninyi mnaopenda kusema maneno matamu ili mtu aondoke mlangoni: kama fasi haipo, mwambie haipo. Akasirike, akutukane, aende. Na kama ulimchungia mtu fasi, ichunge mpaka arudi, hata ukisikia risasi, kwa maana sijui ni wapi duniani unaweza kwenda ambako yeye hatafika.

Na wewe Furaha, mwanangu, kama karatasi hii itakufikia: mama anayekaa nawe mezani jioni, si mimi. Mimi ni yule mama anayekuja saa ya chakula na kusimama mlangoni, ambaye unamwambia kila siku, kwa adabu niliyokufundisha mimi, kwamba fasi haikosaka, halafu unarudi kula.